Dodge Challenger Scat Pack: Gari la Misuli kwa Mwenye Pensheni ya Serikali

Kiwanda cha Brampton, Ontario, nchini Kanada, kilimaliza kuunda Dodge Challenger, gari la Kimarekani la aina iitwayo gari la misuli kwa sababu ya injini yake kubwa, mwezi Desemba 2023, na tangu hapo anayelitaka hana budi kulitafuta kwa wauzaji wa magari au kwa mtu aliyekwisha kulitumia. Vijana wanaolitamani ni wengi, lakini hapa Marekani nimewaona pia watumishi wa serikali waliokaribia kustaafu, wakiwamo wenzetu wa posta, wakilipigia hesabu kwa makini sana. Kwa ajili yao nimeliangalia toleo la R/T Scat Pack, ambalo kwa maoni yangu ndilo toleo kali ambalo mwenye pensheni anaweza kuishi nalo.

Mvuto unaanzia kwenye umbo. Challenger la kwanza lilikuwa la mwaka 1970 na likaachwa mwaka 1974. Liliporudishwa mwaka 2008, wasanifu walilifuata lile la zamani bila kusita: taa nne za mviringo zilizozama ndani ya grili, boneti ndefu, mabega mapana juu ya magurudumu ya nyuma, na baadaye hata rangi ya zambarau iitwayo Plum Crazy ikarejea. Chini ya boneti ya Scat Pack mna V8 ya lita 6.4, yaani cc 6,400 kwa hesabu tuliyoizoea, isiyo na turbo wala supachaja, yaani vifaa vya kuisukumia injini hewa zaidi, yenye nguvu za farasi 485. Asubuhi ya baridi, jirani yangu aliyestaafu posta anapoliwasha la kwake, ngurumo hupanda kwa sekunde chache kisha inatulia, na ukiweka kiganja juu ya kichwa cha gia unausikia mtetemo mzito ukienda polepole. Hakuna gari la umeme nililowahi kupanda linalonipa furaha hiyo.

Wengi watauliza kwa nini wasinunue Hellcat, toleo la Challenger lenye nguvu zaidi kuliko Scat Pack, lililoanza na modeli ya 2015 likiwa na supachaja na farasi 707. Gari hilo ni la kustaajabisha, lakini waliolitengeneza wenyewe walilipatia funguo mbili, na ule mweusi unaipunguza nguvu hadi farasi 500, yaani karibu sawa na Scat Pack. Mimi naona afadhali mtu anunue nguvu anayoweza kuitumia yote. Injini ya Scat Pack inatii mguu: ukikanyaga kidogo, gari linasogea kidogo, ukikanyaga sana, linafika maili 60 kwa saa kwa muda unaozidi kidogo sekunde nne.

Nililiendesha la jirani mjini na katika barabara kuu, na nimeridhika kwamba ni gari la safari kuliko gari la mbio. Lina urefu wa takriban mita tano na uzito wa karibu kilo 1,900, hivyo kwenye kona kali uzito huo unausikia, ingawa breki za Brembo zinalisimamisha bila wasiwasi. Viti vya mbele ni vipana, buti inameza masanduku ya familia, na kiti cha nyuma kinakalika na watu wazima, jambo ambalo Ford Mustang na Chevrolet Camaro haziwezi kulidai. Kasoro kubwa ni nguzo nene za nyuma zinazobeba paa, ambazo zinamficha dereva magari yaliyo ubavuni. Kwa mtu ambaye shingo imeanza kukataa kugeuka, hilo si jambo dogo, na mfumo wa kuonya kuhusu magari ya pembeni ni wa lazima.

Gharama ndiyo sehemu inayotaka utulivu. Lenye gia otomatiki huenda takriban kilomita 6 kwa lita mjini na 10 katika barabara kuu, kwa petroli ya daraja la juu. Plagi zake ni 16, mbili kwa kila silinda, na tairi za rimu za inchi 20 si za bei ya kawaida. Bima iko juu pia, kwa sababu wezi wanazipenda injini hizi: HLDI, taasisi ya Marekani inayochambua madai ya bima za magari, ilikuta Dodge Charger Hellcat, ndugu wa Challenger, likiibwa mara 60 zaidi ya wastani wa magari mengine.

Sasa mstaafu aiweke pensheni yake kando ya hesabu hiyo. FERS, mfumo wa pensheni wa watumishi wa serikali kuu ya Marekani, humlipa asilimia 1 ya wastani wa mishahara yake mikubwa ya miaka mitatu mfululizo kwa kila mwaka wa utumishi, au 1.1 akistaafu na umri wa miaka 62 au zaidi akiwa ametumikia miaka 20. Miaka 30 ya kazi kwa kawaida ni asilimia 30 tu ya mshahara huo, mbali na Social Security, yaani mafao ya hifadhi ya jamii ya taifa, na akiba yake. Serikali imejitahidi kupunguza mzigo wake kwa kuuhamishia kwa wafanyakazi, kwani wengi walioajiriwa kabla ya 2013 hukatwa asilimia 0.8 ya mshahara na walioajiriwa tangu 2014 hukatwa 4.4. Isitoshe, bei za vitu zikipanda kwa zaidi ya asilimia 3, nyongeza ya FERS hupunguzwa asilimia moja: mwaka 2023 Social Security ilipanda 8.7, FERS 7.7. Petroli na bima hazipunguziwi hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kulinunua kwa fedha taslimu, si kwa mkopo wa miaka sita unaoila pensheni kila mwezi, na kuchagua lenye gia otomatiki, ambalo huzima silinda nne linapokwenda kwa mwendo tulivu. Lile la Widebody, yaani lenye bodi iliyopanuliwa, liachwe, kwa kuwa tairi zake za upana wa milimita 305 ni ghali zaidi. Walio Kenya wafahamu kwamba Challenger halikutoka kiwandani na usukani wa kulia. Mustang ndiyo inayopatikana hivyo tangu 2015. Na kabla ya kulipa, omba injini iwashwe ikiwa baridi kabisa, uisikilize hadi ipate moto: mlio wa kugongagonga usiokoma huashiria tapeti na kamshafti, yaani vyuma vinavyofungua vali za injini, zinazolika, na gari la namna hiyo mwachie mwenyewe.