Waashi waliokarabati nyumba yetu ya Jinja, na mkebe walioutoa ukutani

Kwa siku 11 mwezi wa Februari, waashi watatu kutoka Walukuba walikarabati vyumba viwili vya mbele vya nyumba yetu mjini Jinja, ambayo ni mojawapo ya nyumba za maduka zilizojengwa na Wahindi kabla ya uhuru, zenye baraza mbele na kuta nene za matofali ya kuchoma. Tuliwalipa shilingi 2,600,000, bila kuhesabu vifaa. Kazi ya milango na sakafu ni safi, sina la kuongeza.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni lililotokea siku ya tatu. Fundi mkuu alikuwa akibandua lipu ya zamani alipousikia mlio wa ukuta ukibadilika, akaona pia kwamba matofali ya sehemu hiyo yalishikizwa kwa udongo mtupu, ilhali ukuta mwingine wote ni wa chokaa. Angeweza kupiga nyundo. Badala yake alisimamisha kazi, akanipigia simu nikiwa Iganga na kusema, "Mama, hapa pana shubaka limezibwa. Sifungui mpaka ufike." Walinisubiri hadi alasiri, kisha wakayatoa matofali moja moja kwa patasi.

Ndani mlikuwa na mkebe wa biskuti wenye taa ndogo ya shaba ya kuwashia kwa samli, kiatu kimoja cha mtoto, sarafu za senti 10 zenye tundu katikati na jina la Mfalme George wa 6, zilizotumika kabla Uganda haijatoa shilingi yake mwaka 1966, pamoja na daftari lililoandikwa Kigujarati. Huko Uingereza viatu vilifichwa kwa makusudi karibu na dohani na milango, yaaminika kwa ajili ya kinga, na jumba la makumbusho la Northampton hutunza kumbukumbu za vilivyopatikana. Wahindu nao wana desturi ya kuweka sarafu na chombo cha shaba katika msingi wa nyumba. Hata hivyo sidhani kama mkebe wetu uliwekwa kwa ajili ya baraka. Mzee mmoja muuza vitambaa, aliyetusomea daftari, alisema ni hesabu ya madeni ya sukari, chumvi na mafuta ya taa, na ya mwisho iliandikwa Septemba 1972, wiki chache baada ya Idi Amin kutangaza, tarehe 4 Agosti, kwamba Waasia waondoke katika muda wa siku 90. Mtu anayezibia madeni ya wateja wake ukutani, naamini, alitarajia kurudi kuyadai. Jina la familia limo daftarini, nasi tunaitafuta. Mpaka ipatikane, mkebe si mali yetu.

Kasoro zipo mbili, nazo si ndogo. Kijana mmoja wa kikosi, kwa nia njema, alilianika daftari lenye unyevu juani, na kurasa mbili zikajikunja na kupasuka; karatasi ya namna hiyo hukaushwa polepole kivulini, kati ya magazeti makavu. Ya pili ni kwamba ukuta ulipigwa lipu ya saruji ingawa niliomba chokaa. Saruji haipitishi unyevu kwa urahisi kama chokaa, hivyo maji yanayopanda kutoka ardhini hubaki ndani ya tofali laini na kulimega, na tayari rangi imeanza kufura chini ya dirisha. Fundi mkuu amekubali kuibandua lipu hiyo kwa gharama yake.

Kwa nyumba mpya mtapata mafundi wa bei nafuu zaidi. Kwa nyumba kuukuu ningewachagua hawa, ila aina ya lipu iandikwe katika mkataba, pamoja na sharti kwamba chochote kitakachopatikana ukutani kisiguswe mpaka mwenye nyumba afike. Nimewaagiza warudi mvua zikipungua, waanze na ukuta wa jikoni, ambao karibu na mlango unatoa mlio uleule.