Windows ya zamani ndani ya kipakatalishi kipya: huduma mbili za Nakuru nilizozilipia kwa ajili ya printa moja

Duka langu la uchapaji liko mtaa wa Section 58, Nakuru, na tangu nilifungue kazi kubwa imefanywa na printa moja tu, HP LaserJet 1000, ambayo ni ya toleo la mwaka 2001. Hutoa kurasa 10 kwa dakika, mwendo ambao vijana wa saiba za mjini huucheka, lakini haitafuni karatasi, na katriji yake ya 15A, iliyokadiriwa kurasa 2,500, bado hupatikana mjini na hujazwa tona tena na tena kabla ya kutupwa. Wiki za mitihani ya mwisho wa muhula, walimu wanapoleta kazi jioni na kuitaka alfajiri, printa hiyo ndiyo hunilipia kodi ya duka. Kwa hiyo kompyuta yangu ya zamani ya Windows XP ilipoungua ubao siku stima iliporudi kwa kishindo, sikufikiria hata kidogo kubadilisha printa. Nilinunua kipakatalishi kipya chenye Windows 11 nikadhani nitachomeka kebo na kuendelea na kazi.

Kipakatalishi kililia kuonyesha kwamba kimehisi kitu, kisha kikaniambia hakina draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa. Nilitafuta kwa HP wenyewe nikakuta kwamba draiva za printa hii ziliishia kwenye Windows za biti 32, aina ya zamani iliyofuatwa na ya biti 64. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ni ya biti 64 pekee, na Windows ya biti 64 haipokei draiva ya biti 32 kwa namna yoyote. Programu za kawaida za biti 32 hukubaliwa, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika tukadhani kwamba draiva nayo itapenya.

Huduma ya kwanza niliyoilipia ni ya duka moja la kompyuta karibu na steji ya matatu, ambalo sitalitaja jina. Mhudumu hakuuliza printa ni ya aina gani. "Tunakurudishia Windows 7, mama, printa zote za kitambo zinaipenda," alisema, akataka shilingi 2,000 na siku mbili. Nilikubali kwa sababu alisema bila kusitasita, nami nilikuwa na mitihani ya shule tatu inayonisubiri.

Nilichorudishiwa kilikuwa kipakatalishi kilema. Kibao cha kusogezea kishale hakikufanya kazi, Wi-Fi haikuwepo kabisa, na picha ya kioo ilikuwa imenenepa, aikoni zikiwa kubwa kama vigae, huku mwangaza ukibaki juu kabisa bila njia ya kuupunguza, hata betri ikawa inaisha kabla ya chakula cha mchana. Hakuna la ajabu hapo kwa anayejua historia ya mifumo hii. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, kabla ya milango ya USB 3.0 kuenea, na haina draiva za milango hiyo wala za diski za NVMe zinazofungwa katika vipakatalishi vya leo. Watengenezaji wa vipuri vipya nao hawaandiki tena draiva za mfumo ambao Microsoft waliacha kuuhudumia tarehe 14 Januari 2020. Kivinjari cha Chrome chenyewe kiliikomea Windows 7 kwenye toleo la 109. Mimi hufungulia wateja eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kurasa za KRA, mamlaka ya kodi, kwenye kompyuta hiyohiyo, na sikuwa tayari kuandika nywila za watu kwenye mfumo ambao haujazibwa matundu kwa miaka yote hiyo.

Kilichoniuma zaidi ya yote ni kwamba printa yenyewe haikuchapa hata nukta. Ili kompyuta mpya iwake, hutumia mfumo wa UEFI, na vipakatalishi vingi vya sasa vimeondolewa kabisa ile njia ya zamani ya kuwashia. Windows 7 inayoweza kuwashwa kwa UEFI ni ile ya biti 64 peke yake. Mhudumu alikuwa amehangaika na viraka vya mtandaoni hadi akaisimamisha hiyo ya biti 64, kisha akanikabidhi tatizo lilelile nililoingia nalo, yaani mfumo wa biti 64 na printa isiyo na draiva ya biti 64. Nilipomrudia aliniambia nimwachie tena siku mbili "atafute draiva". Draiva hiyo haipo duniani. Sikumwachia.

Huduma ya pili niliipata kwa kuelekezwa na mwalimu mmoja mteja wangu, kwa fundi kijana aliyekodi chumba cha ghorofani, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue, chenye meza moja na rafu iliyojaa vipakatalishi vilivyofunguliwa matumbo. Kabla hajagusa chochote aliniuliza printa ni ipi na inaelewa lugha gani. Nilimwambia printa yangu haijawahi kusema. Alicheka, akanieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuelezwa: LaserJet 1200, ambayo ni ya mwaka uleule na hutumia katriji ileile ya 15A, inaelewa PCL, lugha ya kuielezea printa ukurasa, kwa hiyo hata leo draiva ya jumla ya PCL inaweza kuiendesha kwenye Windows mpya, lakini LaserJet 1000 haina akili hiyo, kompyuta ndiyo huupanga ukurasa mzima na kuipelekea nukta zilizokwisha kupangwa, na bila draiva yake mahsusi ni sanduku tu. Zaidi ya hayo, haihifadhi hata programu yake ya ndani. Kila inapowashwa hungoja kulishwa programu hiyo na kompyuta, na ikizimwa husahau kila kitu.

"Mama, hii printa iache ilivyo, na hii laptopu iache ilivyo," alisema. "Tutawawekea mkalimani katikati."

Mkalimani huyo ni kompyuta pepe, yaani programu inayojifanya kompyuta kamili ndani ya kompyuta nyingine. Kwanza alifuta ile Windows 7 na kurudisha Windows 11, ambayo haikuhitaji kununuliwa upya kwa kuwa leseni yake imehifadhiwa kwenye ubao wa kipakatalishi chenyewe. Kisha akaweka VirtualBox ya kampuni ya Oracle, ambayo ni ya bure, akaunda ndani yake kompyuta ndogo yenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu na gigabaiti 10 za diski, na humo akasimika Windows XP ya biti 32. Alinituma nyumbani kuleta diski halisi ya XP niliyokuwa nayo pamoja na namba yake. Za kunakili alizikataa katakata, jambo lililonipa imani naye hata kabla kazi haijaisha.

Uamuzi wake bora zaidi ulikuwa kuinyima XP mtandao kabisa. Microsoft waliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na mfumo kama huo ukiachwa utembee kwenye intaneti ni sawa na kulala mlango wazi. Katika kompyuta pepe unaweza kung'oa kadi ya mtandao kwa kubofya mara moja, na printa haiathiriki kwa sababu imeunganishwa kwa USB. Mafaili huvuka kupitia folda moja ya pamoja. Kazi ya mteja naiandaa kwenye Windows 11 kama kawaida, naihifadhi kuwa PDF ili herufi zisibadilike, naitupa kwenye folda hiyo, kisha naifungua upande wa XP kwa SumatraPDF 3.1.2, toleo la mwisho la programu hiyo kukubali XP.

Jaribio la kweli lilikuja siku ya tatu: karatasi ya hisabati ya kurasa 12, nakala 45, jumla kurasa 540. Kwa hesabu ya kurasa 10 kwa dakika ilipaswa kuchukua dakika 54; ilichukua saa moja na robo hivi, nikiujaza mlo wa trei mara tatu na kupumzisha printa kidogo katikati. Ukurasa wa kwanza ulichelewa karibu nusu dakika, lakini iliyofuata ilitoka kwa mwendo wake wa siku zote. Nilipochapa kijitabu cha ratiba ya mazishi chenye picha kubwa ya marehemu jaladani, mambo yalikuwa mazito zaidi, na ukurasa huo mmoja ulinichukua muda wa kutosha kumhudumia mteja wa fotokopi.

Siku ya tano stima ilipotea. Kipakatalishi kiliendelea kwa betri, printa ikazimika, na iliporudi ilikuwa tayari imesahau programu yake. Windows 11 ikaidaka kabla ya XP, ikalalamika kwamba haina draiva, nami nikasimama pale na mteja mbele yangu. Fundi alipokea simu mara ya kwanza, akaniongoza hadi mahali pa kuweka kichujio cha USB, kanuni inayoiambia VirtualBox kwamba kifaa hiki kikionekana tu kipelekwe moja kwa moja kwa XP. Tangu hapo stima imepotea mara nyingi, kama mnavyoijua, na printa hujilisha yenyewe ikirudi. Hilo angepaswa kuliweka tangu mwanzo, hasa kwa mtu anayefanya kazi katika mji huu, na ni pungufu ninalomhesabia.

Pungufu jingine ni kwamba hakuniachia maelezo yoyote ya maandishi. Binti anayenisaidia dukani alizima kompyuta pepe badala ya kuihifadhi ilivyo, akaogopa aliposubiri iwake upya, nami nililazimika kuandika hatua sita kwenye kadi na kuigandisha ukutani. Fundi anayetoza shilingi 3,500 anaweza kuandika nusu ukurasa. Bei yenyewe siilalamikii: kazi ilimchukua siku nzima, na ndani yake kulikuwa na kusafisha uharibifu wa aliyemtangulia.

Nilimuuliza pia kuhusu Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwa kuwa wapo wanaoisifu. Alinionyesha kwenye mashine yake kwamba draiva za foo2zjs, zilizoandikwa na watu wa kujitolea, huiendesha LaserJet 1000 kwenye Linux ya biti 64 bila XP yoyote. Mwenye kompyuta ya ziada mezani angeweza kuigeuza kuwa mtumishi wa kuchapisha, na kipakatalishi kikaituma kazi kwa mtandao wa ndani. Mimi sina kompyuta ya ziada wala nafasi mezani, lakini ningekuwa navyo ningechagua njia hiyo, kwa sababu XP itabaki kuwa XP.

Wapo ambao hawahitaji huduma hii kabisa. Jirani yangu wa duka la vifaa vya ujenzi ana Epson LX-300 ya nukta, ile inayokwaruza risiti za nakala tatu kwa kelele, na alikuwa anataka kunifuata kwa fundi. Printa hizo hupokea maandishi matupu, na Windows 11 bado ina draiva ya jumla ya maandishi. Alichokosa ni kebo ya kugeuza mlango wake mpana kuwa USB. Wenye LaserJet 1200 nao wajaribu draiva ya PCL kwanza kabla ya kumlipa mtu.

Kwa duka la kwanza siwezi kumpeleka mtu. Kwa kijana wa ghorofani nimeshapeleka wawili, na nawaambia jambo moja: nendeni na printa yenyewe pamoja na kebo yake. Mimi nilipanda ngazi na kipakatalishi kwapani nikiona nimejiandaa, nikarudishwa Section 58 kwa bodaboda kuifuata, nikairudisha mjini nimeipakata mapajani kama mtoto, na mwenye pikipiki akanitoza abiria wawili.