Mvinyo wa Dodoma msimu wa joto: upi ununue, uupoze vipi

Kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma na jasho halikauki hata usiku, watu wengi wa Dar es Salaam huuweka mvinyo kando na kurudi kwenye bia. Wengi wao wamewahi kuonja mvinyo wa Dodoma ukiwa vuguvugu, wakauona mzito, mchachu, wenye kuwasha koo, wakahitimisha kwamba mvinyo wa nyumbani haunyweki. Hukumu hiyo si ya haki. Mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma ukinunuliwa penye duka linalojua kuutunza, na ukinywewa ukiwa umepoa inavyotakiwa, ni kinywaji kizuri mno cha msimu huu. Kinachouharibu ni joto la stoo, joto la rafu na joto la mezani, na yote matatu yana dawa.

Tuanze na bei, maana ndiyo inayowavuta wengi. Mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za Tanzania hutozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko ule unaotoka nje, na haulipiwi meli wala bandari. Hii ina maana kubwa ukiwa mbele ya rafu. Chupa ya bei ya chini kabisa kutoka nje imeshakatwa usafiri na kodi, na kilichobaki kwa ajili ya zabibu zenyewe ni kidogo sana. Chupa ya Dodoma ya bei hiyo hiyo imebakiza zaidi kwa ajili ya zabibu. Kwa hiyo kwenye bei za chini, Dodoma inashinda mara nyingi. Ukipanda kwenye bei za juu ushindani unakuwa mgumu, na hapo chupa nzuri ya Afrika Kusini ina haki ya kuchaguliwa.

Zabibu hizi hukua kwenye nusu jangwa, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari: Hombolo, Mpunguzi, Mbabala, Makutupora, Chinangali, na Bihawana ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu ya mwanzo katika karne ya 20. Mchana jua ni kali na sukari hupanda haraka ndani ya tunda. Usiku hewa hupoa, na ubaridi huo huokoa uchachu ambao bila huo mvinyo huwa butu mdomoni. Mzabibu wa Dodoma haupati majira ya baridi ya kuulaza kama wa Ulaya. Mkulima huukata matawi baada ya mavuno, nao huchipua tena, na ndiyo maana kuna mavuno mawili kwa mwaka: moja karibu na Februari na Machi, jingine Agosti na Septemba.

Mavuno hayo mawili hayafanani. Yale ya kiangazi, Agosti na Septemba, ndiyo bora, kwa sababu zabibu huiva bila mvua. Mvua za mwanzo wa mwaka hujaza maji kwenye tunda, huleta magonjwa ya ukungu, na humfanya mkulima achume mapema kabla mzigo haujaoza shambani. Hesabu yake ni rahisi: takriban gramu 17 za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu hutoa asilimia 1 ya kilevi. Zabibu yenye gramu 200 kwa lita inakupa mvinyo wa karibu asilimia 12 bila kuongezewa kitu. Iliyochumwa ikiwa na gramu 160 inaishia kwenye 9 na kidogo, na mvinyo wake huwa mwembamba, wenye ladha ya majani mabichi. Lebo nyingi hazisemi mavuno ni yapi, lakini ukinunua kiwandani Dodoma, uliza. Wanaouza wanajua, na swali lenyewe linawaonyesha kwamba mnunuzi anajali.

Kwa joto la pwani, chaguo la kwanza ni mweupe mkavu wa Chenin Blanc. Aina hii ya zabibu ina sifa moja inayoifaa Dodoma kuliko nyingine nyingi: hushika uchachu wake hata jua likiwa kali. Ukiwa na afya, mvinyo wake una rangi ya majani makavu iliyofifia, harufu ya mapera na tufaha bichi, na mwisho wa ladha unaofanana na ndimu. Huo ndio unaokata mafuta ya samaki wa kukaanga na kuunyanyua pweza wa kuchoma aliyenyunyiziwa chumvi na pilipili kidogo. Kwa samaki wa kupaka, ambaye tui lake lina utamu, mkavu kabisa huonekana mkali kupita kiasi. Chagua ule wenye utamu wa mbali. Na pilipili ikiwa nyingi, kama kwenye mishikaki ya barabarani au mkate wa ajemi wenye achari, utamu kidogo ndiyo nafuu, kwa sababu kilevi na uchachu huchochea mwasho na sukari huutuliza.

Mwekundu mkavu unahitaji uangalifu zaidi. Zabibu ya Makutupora, iliyochukua jina la eneo lenye kituo cha utafiti wa zabibu cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), huzaa sana na hutoa rangi nzito. Mvinyo wake ni wa matunda meusi, si mgumu, na unanyweka ukiwa bado mchanga. Ule uliochanganywa na zabibu nyekundu ya Syrah una ladha ya pilipili manga na unashika vizuri nyama choma ya mbuzi yenye mafuta na chumvi ya kutosha. Usiuweke mbele ya samaki: mvinyo mwekundu ukikutana na mafuta ya samaki huacha ladha ya chuma mdomoni. Kachumbari yenye ndimu nyingi nayo huufanya uonekane umepwaya, kwa hiyo iweke pembeni ya sahani badala ya kuimwaga juu ya nyama.

Mwekundu mtamu ndio unaopendwa zaidi sokoni, na hakuna haja ya kuwacheka wanaoupenda. Tatizo ni kwamba sukari ikinywewa vuguvugu huchosha ulimi kuanzia glasi ya kwanza. Upoze kama mweupe, na unywe pamoja na karanga za kukaanga zenye chumvi au jibini.

Dompo ni habari ya peke yake. Huu ni mvinyo mtamu ulioongezewa nguvu, na watu wengi hukosea kwa kuunywa kwa glasi iliyojaa kama mvinyo wa kawaida, kisha wanalalamika kichwa. Soma asilimia kwenye lebo kabla ya kumimina. Wakati wa joto, matumizi yake mazuri ni kuuchanganya: mililita 60 za Dompo, mililita 120 za soda au toniki isiyo na sukari, robo ya ndimu iliyokamuliwa, kipande cha ganda la chungwa, na barafu hadi ukingoni mwa glasi ndefu. Ikiwa lebo inasema asilimia 16, mchanganyiko huo una karibu asilimia 5 tu, yaani nguvu ya bia. Mambo mawili huuharibu. La kwanza ni kutumia soda tamu: sukari juu ya sukari, unapata sharubati nzito. La pili ni barafu chache. Vipande viwili huyeyuka mara moja na kukuachia maji ya uvuguvugu, lakini glasi iliyojaa barafu hujitunza yenyewe na huyeyuka polepole.

Kwa kundi la watu wanane hivi, mwekundu mkavu wa bei nafuu unafaa kwa mchanganyiko wa matunda. Yeyusha vijiko viwili vya sukari kwenye maji ya moto kidogo kwanza, maana sukari ikitiwa kwenye mvinyo baridi hutua chini ya jagi na kubaki hapo. Changanya na chupa mbili za mililita 750, machungwa matatu yaliyokatwa duara pamoja na ganda lake, na nanasi robo lililo gumu. Weka kwenye friji kwa muda wa saa nne. Ongeza mililita 500 za soda baridi wakati wa kumimina tu, kwa kuwa gesi haisubiri. Papai na ndizi ziache, zinavurugika na kuufanya mvinyo uwe na matope. Na usitumie mvinyo ulioharibika ukidhani matunda yataficha. Siki haifichiki.

Sasa dukani. Chupa nyingi za Dodoma zinazolaumiwa zilitoka kiwandani zikiwa nzima, zikapikwa njiani na kwenye rafu. Epuka grosari inayopanga chupa dirishani penye jua, au juu ya friji linalotoa joto nyuma. Chukua chupa iliyo nyuma ya rafu, au bora zaidi, omba iliyoko kwenye katoni. Ishike kwenye mwanga uangalie kiwango: mvinyo ukiwa umeshuka chini ya shingo, hewa imeingia. Pitisha kidole kwenye kizibo. Kikiwa kimeinuka, au shingo ikinata, mvinyo ulipata moto ukatanuka na kusukuma. Mweupe uliogeuka rangi ya chai na mwekundu mchanga uliogeuka rangi ya tofali vyote vimeshazeeka kabla ya wakati. Chembe kama za chumvi zilizotulia chini ya chupa ya mweupe hazina madhara, ni uchachu wa zabibu uliojigandisha kwa baridi. Lakini mapovu ndani ya mvinyo mtamu usiotakiwa kuwa na gesi ni dalili kwamba hamira imeamka tena ndani ya chupa. Rudisha.

Angalia pia alama ya ubora ya TBS na stempu ya kodi ya kielektroniki ya TRA, ambayo unaweza kuihakiki kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu. Mvinyo unaouzwa kwenye dumu la plastiki, hata muuzaji akiwa mkarimu namna gani, una shida mbili: plastiki hupitisha hewa, na dumu lililowahi kubeba mafuta ya kula haliachi harufu yake. Kuna wakulima wanaosindika mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu yaliyokamuliwa, kwa usafi na ustadi, na wanastahili kuungwa mkono. Waungwe mkono kwa kununua chupa iliyofungwa.

Kuupoza ndiko kunakoamua kila kitu. Yale maneno ya kwamba mwekundu unywewe kwa joto la chumba yalihusu nyumba za mawe za Ulaya zenye nyuzi 16 au 18. Sebule ya Kinondoni mwezi wa Februari ina nyuzi 30, na kwenye joto hilo kilevi hupanda puani kabla ya harufu ya tunda. Mweupe unywewe kwenye nyuzi 8 hadi 10, mwekundu mkavu 13 hadi 15, Dompo ikinywewa peke yake 10 hadi 12. Kwa friji la kawaida, chupa nyeupe iliyotoka rafuni inahitaji saa tatu, nyekundu saa moja na nusu hivi.

Umeme ukikatika au wageni wakifika ghafla, chukua ndoo, tia barafu na maji nusu kwa nusu, na konzi ya chumvi, kisha zamisha chupa hadi shingoni. Kwa dakika 20 mweupe uko tayari, mwekundu kwa dakika 10. Maji ni ya lazima: barafu peke yake huigusa chupa sehemu chache tu, na nafasi zilizobaki zimejaa hewa, ambayo haipitishi joto vizuri. Chumvi hushusha joto la maji hayo chini ya sifuri. Geuza chupa taratibu mara moja au mbili ili mvinyo wa katikati nao upoe. Kwenye friza usiiache zaidi ya nusu saa. Mvinyo huganda karibu na nyuzi 6 chini ya sifuri, ukitanuka husukuma kizibo au kupasua chupa.

Mimina theluthi ya glasi, si zaidi. Kwenye baraza lenye joto, glasi iliyojaa hupoteza ubaridi wake kabla hujafika nusu, na chupa inayobaki ndani ya maji ya barafu ndiyo mahali salama pa mvinyo uliobaki. Shika glasi kwenye mguu wake, kiganja kina joto la nyuzi zaidi ya 30.

Chupa iliyofunguliwa irudishwe friji usiku huo huo, hata kama ni nyekundu. Bakteria wanaogeuza kilevi kuwa siki hustawi sana kwenye nyuzi 25 hadi 30, yaani jikoni kwetu, na wanachohitaji kingine ni hewa tu. Ndani ya friji, mweupe hukaa siku tatu, mwekundu mbili au tatu, Dompo wiki mbili na zaidi kwa sababu ya sukari na kilevi chake. Ikiwa imebaki nusu, hamishia kwenye chupa ndogo safi na uijaze hadi mdomoni, funga. Ukiufungua siku ya pili ukasikia harufu ya rangi ya kucha, usiunywe, ila usiumwage: ongeza vitunguu saumu, tangawizi na chumvi, uloweke nyama ya mishikaki saa mbili kabla ya kuipeleka kwenye makaa.