Mtambo wa samaki na mboga uani kwangu Mikanjuni, Tanga, baada ya miezi 11

Nilimwita fundi Juni mwaka jana. Kazi yake nilikuwa nimeiona uani kwa shoga yangu kule Raskazone, perege chini, mboga juu, maji yanazunguka mchana na usiku, nikarudi nyumbani sina usingizi. Kiwanja changu hapa Mikanjuni ni kidogo. Nina kuku wanane, sungura sita na watu saba wa kulisha. Tulielewana shilingi 1,650,000: tangi la plastiki la lita 1,000 lile lenye fremu ya chuma, kitalu cha mboga alichokikata kwenye tangi jingine la namna hiyo, mabomba, pampu ya kuzamisha, kokoto, na vifaranga 60 vya perege.

Kwa kazi ya mikono, namsifu bila kusita. Alimaliza kwa siku mbili. Tangi amelikalisha sawa kwa pima maji, akalivika turubai jeusi ili jua lisipenye maji yakawa kijani. Sifoni ya kitaluni ndiyo inayonipendeza zaidi: maji yanapanda taratibu mpaka chini kidogo ya uso wa kokoto, kisha yanashuka yote kwa mkupuo, mizizi inapata hewa, yanaanza kupanda upya. Haijakwama hata siku moja.

Kokoto ndizo zilizoniliza. Wiki ya kwanza tu, nikitoka kuswali alfajiri nawakuta samaki wote wako juu, midomo nje, wanatweta. Siku ya tisa nilikuwa nimeshaokota 23. Fundi kwenye simu akasema, "Mama, punguza maji uongeze mengine." Nikapunguza theluthi kila siku, nikaongeza maji ya bomba niliyoyalaza ndooni usiku kucha ili klorini itoke. Wakaendelea kufa. Mchicha nao ukageuka njano, mishipa ya jani ikabaki kijani, kama umechorwa kwa kalamu.

Mtoto wa dada yangu anafundisha kemia sekondari. Alikuja na karatasi zake za kupimia, akachovya: pH 8.4 (pH ni kipimo cha asidi, ikipanda ndiyo asidi imepungua). Hakusema kitu. Alichukua kokoto moja kitaluni, akaisuuza, akaiweka kwenye kisahani, akaomba siki. Alipoimiminia, ile kokoto ikachemka mapovu kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na akaniambia niisogeze sikioni. Niliisikia ikilia.

Ilikuwa chokaa. Sisi watu wa Tanga tumekalia chokaa, mapango ya Amboni ni chokaa, saruji inachomwa Pongwe kwa mawe hayo. Kwa kumwaga msingi wa nyumba ni sawa. Ndani ya maji ya samaki yanayeyuka kidogo kidogo na kupandisha pH. Sasa samaki anatoa amonia kwenye matamvua na kwenye kinyesi, na pH ikiwa juu, sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inakuwa ile ya sumu. Mboga nazo haziwezi kuvuta madini ya chuma hata kama yamo, ndiyo ile njano. Juu ya hapo fundi alitia samaki wote 60 siku ya kwanza. Wale bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitraiti, halafu nitreti ambayo mboga inakula, wanahitaji wiki nne mpaka sita kushika kwenye mawe. Sisi tuliwapa wageni 60 kabla jiko halijawashwa.

Nilimpigia kwa hasira, sifichi. Alikuja jioni ile ile, akafanya jaribio la siki kwa mkono wake mwenyewe, akanyamaza. Kisha akasema, "Mama, hili nilikuwa silijui. Kokoto nazibadilisha mimi." Akaleta nyeusi ngumu kutoka upande wa Muheza, usafiri wake, tukazichekecha na kuziosha wote mpaka usiku. Samaki waliokufa hakunilipa, na nadhani alipaswa kulipa angalau nusu. Lakini fundi anayerudi bila kuburutwa ni wa kumtaja kwa heshima. Vifaranga 30 vipya niliweka baada ya wiki tano, na hao wamekaa.

Kilichonishangaza ni kwamba sasa pH inashuka yenyewe, kwa sababu kazi ya wale bakteria inaongeza asidi. Ikipita chini ya 6.5 natia kiganja cha zile kokoto za zamani kwenye soksi, naitundika kwenye maji siku mbili tatu. Gunia moja nimelihifadhi kwa ajili hiyo.

Jambo la pili la kubishana na fundi ni sungura. Mchoro wake uliweka banda juu ya kitalu, sakafu ya waya, mkojo na kinyesi vidondoke moja kwa moja. Anasema ndiyo kuunganisha mifugo. Nilikataa, na nitakataa tena. Mkojo wa sungura ni mkali, unaongeza amonia kwa samaki ambao tayari wana ya kwao, na mboga nyingine tunazikata kwenye kachumbari mbichi, siwezi kulisha wanangu hiyo. Banda nimelihamishia ukutani. Kinyesi kinaangukia sanduku la minyoo, minyoo wanakwenda kwa perege na kuku, mbolea inayobaki inakwenda kwenye migomba. Kuku wanapata azola, kijani kidogo kinachoelea majini, ninayootesha kwenye beseni, na matumbo ya samaki nikishayachemsha. Mzunguko umekamilika bila kinyesi kugusa maji.

Mboga: mchicha na sukuma wiki havinunuliwi tena hapa nyumbani. Nyanya zilinitoa jasho. Mrehani ndio umenishinda kwa wingi, kichaka kizima, nagawa mtaani na kila mwenye harusi anakuja kuomba wa kuchanganya na asumini.

Pampu ni ya wati 40, kwa hiyo karibu uniti moja ya umeme kwa siku. Umeme ukikatika usiku ndipo pagumu. Mara ya kwanza nilisimama na jagi, nachota na kumwaga kutoka juu ili maji yapate hewa, saa mbili nzima. Pampu ndogo ya hewa ya betri niliinunua mwenyewe kesho yake, shilingi 95,000. Ilipaswa kuwemo kwenye bei tangu mwanzo.

Mwezi wa nane tangu tuanze nilivua samaki wa kwanza, kama robo kilo. Mama mkwe ni wa Pangani, amekula samaki wa baharini, changu na tasi, maisha yake yote, na perege kwake ni samaki wa tope. Yule perege nilimweka siku mbili kwenye maji safi bila chakula, nikamkaanga, nikampika na nazi. Alikula kimya, akauliza, "Mwanangu, huyu wa Deep Sea?" Nikamwambia si wa soko lile la samaki, ni wa uani, akachukua kipande cha pili.

Jirani yangu ameshamwita fundi huyo huyo, kwa ushauri wangu. Wamekubaliana nusu ya fedha inalipwa mawe yakishapimwa kwa siki, betri imo ndani ya bei, samaki wanaingia wiki ya sita, na sungura wanabaki walipo.