Hedifoni na spika za bluetooth: kabla hujalipa, omba mtu akupigie

Malalamiko mengi ninayotumiwa na wasomaji kuhusu vifaa vya bluetooth hayagusi besi wala chaji. Yanagusa mlio wa simu. Dada mmoja wa Tanga alikuwa amewasha kaswida kwenye spika ndogo siku ya maulidi nyumbani kwao, mteja wake akapiga, na ile spika ikaanza kuitaja namba ya mteja kwa Kiingereza, tarakimu moja moja, wageni wote wakisikia. Kaka mwingine ameweka simu yake kimya tangu yuko ofisini, lakini hedifoni bado zinampigia tii-tii masikioni kwa sauti isiyopungua hata akiminya vitufe vyote. Wote wawili walisoma maelezo ya boksi kabla ya kununua. Boksi haliandiki habari hizi, ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kwa kigezo hicho kimoja. Mambo ya rangi na besi yako kila mahali.

Simu na hedifoni huzungumza kwa njia mbili. Kuna njia ya muziki, mafundi huiita A2DP, na njia ya maongezi, HFP. Mtu akikupigia, wimbo unasimama na kazi inahamia njia ya maongezi. Hapo sasa ndipo vifaa vinapoachana. Hedifoni zilizotengenezwa vizuri hupokea mlio uleule uliouchagua kwenye simu na kukusikilizisha huo. Nyingine huchukua taarifa tu kwamba kuna mtu anapiga, kisha hutoa mlio wao waliowekewa kiwandani, au sauti ya mwanamke anayesoma namba. iPhone zina uwezo wa kutuma mlio wenyewe tangu zamani. Android ya Google iliuingiza enzi za Oreo, yaani toleo la 8, kwa hiyo simu uliyonayo leo karibu hakika inaweza. Kinachobaki ni hedifoni yenyewe.

Kwa nini nalikazania hili? Kwa sababu hedifoni inayojitengenezea mlio haiitii simu. Umempangia mama mlio wake na bosi mlio wake, hutawatofautisha. Umepunguza sauti ya mlio, yenyewe haijui. Umeiweka simu kimya kwa kuwa uko msikitini au kanisani, na nyingi zitaendelea kulia sikioni. Na ikiwa ni spika inayosoma namba, basi siri ya aliyekupigia imekwisha. Mwenye duka la miamala anaelewa uzito wa hilo.

Jambo moja usilaumu kifaa: mlio wako wa taarabu ukisikika mwembamba masikioni, ni kawaida. Njia ya maongezi ni finyu. Vifaa vya zamani hubeba sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, vipya 16,000, wakati muziki kwa kawaida hupewa 44,100.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Sony WH-CH520, na sitaki kuficha kwamba naipenda Sony kuliko wengine wote. Ni hedifoni ya kukaa juu ya sikio, ilitoka mwaka 2023, na kampuni inaahidi hadi saa 50 za muziki kwa chaji moja. Lakini sababu yangu ni nyingine: inashika simu mbili kwa wakati mmoja. Huku kwetu mtu ana simu ya kazi na simu ya nyumbani, au simu janja na kiswaswadu cha laini ya miamala. Unasikiliza mawaidha kwenye simu moja, ya pili ikiita, mawaidha yanapisha na unapokea papo hapo. Tena ina vitufe halisi vya kubonyeza. Kupokea simu kwa kugusagusa plastiki laini ukiwa na mikono yenye unga au ukiwa kwenye bodaboda ni adha. Haina mfumo wa kuzima kelele za nje kama Sony za bei ya juu, na haina tundu la waya. Mimi hilo nimelisamehe.

Ya pili, kwa mwenye simu ya Samsung tu, ni Galaxy Buds FE. Zinaelewana vizuri na simu za nyumba yao, na programu ya Galaxy Wearable inakupa nafasi ya kuchagua programu zipi zisomewe meseji masikioni na zipi zinyamaze. Zima makundi yote ya WhatsApp, bakiza zile za pesa. Ukiwa na simu ya kampuni nyingine, faida nyingi zinapotea.

AirPods ni za mwenye iPhone. Siri, msaidizi wa sauti wa iPhone, anaweza kukutajia jina la anayepiga, na unaweza kumzima kwenye mpangilio wa Announce Calls. Kumbuka pia kwamba alamu ya iPhone hulia kwenye spika ya simu hata ukiwa umevaa hedifoni, kwa hiyo ukilala nazo mwenzako ataamka na wewe.

Kwa spika, chukua JBL Go 3. Watu wanailaumu kwa kukosa maikrofoni, maana Go 2 ilikuwa nayo, kama Flip 4 ilivyokuwa nayo na Flip 5 ikaondolewa. Mimi nashangilia. Spika isiyo na maikrofoni haibebi maongezi yako wala haisomi namba ya mtu. Ila kwenye Android mlio na sauti za meseji bado zinaweza kupenya kwa njia ya muziki, kwa hiyo kabla ya shughuli washa Usinisumbue. Mwenye Samsung ana dawa bora zaidi: Separate app sound, inayopeleka sauti ya programu moja tu kwenye spika na nyingine zote zikabaki kwenye simu.

Za bei ya chini: Oraimo inatosha kwa kuanzia. Zile za boksi jeupe zenye jina la AirPods na bei ya chips kuku, acha.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, ni wauzaji. Kipimo pekee cha kuaminika ni kuunganisha simu yako pale kaunta, kuwasha wimbo, na kuomba mtu akupigie. Usikie kama mlio ni wako, kama unapungua ukipunguza, kama wimbo unarudi wenyewe ukikata. Haichukui hata dakika mbili. Lakini Kariakoo ukiomba hivyo utaambiwa ukifungua boksi umenunua, na ukinunua hairudi. Halafu mtu huyohuyo anakuapia ni orijino. Kopi za siku hizi hata dirisha dogo la kuunganisha linajitokeza kwenye iPhone kama la AirPods za kweli, kwa hiyo hilo lisikudanganye. Ingiza namba ya kifaa (serial number) kwenye ukurasa wa Apple wa kukagua dhamana. Na bei nayo inatajwa kwa kukutazama usoni: spika moja, maduka mawili yanayotazamana, bei haziwiani hata kidogo.

Duka likikataa kukufungulia, vuka barabara, yako mengi. Likikubali, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na simamia iandikwe modeli kamili badala ya neno "headphone" peke yake. Bila hiyo, siku ukirudi na kifaa kinachosoma namba za watu, watakuambia hawajawahi kukuuzia.