Uzoefu wangu na adb na scrcpy: kupiga skrinshoti za simu kutoka kwenye kompyuta

Ninaandaa vitini vya mafunzo ya simu: kununua tokeni za umeme za Yaka, kuangalia akiba ya SACCO, wakala wa mobile money kukagua miamala ya siku. Vitini vya namna hii hula skrinshoti kwa makumi. Ukihitaji picha moja au mbili tu, bonyeza kitufe cha kuzima pamoja na cha kupunguza sauti, kazi imeisha. Picha zikiwa nyingi, vidole vinachelewesha. Menyu ya mobile money ya *165# (MTN) au *185# (Airtel) hujifunga ukiwa bado unatafuta vitufe, majina ya faili hayakwambii picha ni ya hatua ipi, na ukishazituma kwa WhatsApp ili zifike kwenye kompyuta, maandishi madogo yamekwisha kufifia.

Hukumu yangu naiweka mapema. Kwa kazi hii chukua kifurushi kidogo cha Google kiitwacho platform-tools, ambacho ndani yake mna adb, zana ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta. Usipakue Android Studio kwa ajili ya skrinshoti peke yake. Inacho kitufe cha kamera kwenye dirisha lake la vifaa, na kinafanya kazi vizuri, lakini programu yenyewe ni zaidi ya gigabaiti moja, na laptopu yenye RAM ya 4 GB itaihangaikia. Platform-tools haifiki megabaiti 20. Kwa anayenunua bando la siku, tofauti hiyo inatosha kuamua. Scrcpy, programu ya kuonyesha kioo cha simu kwenye kompyuta, nitaifikia, ni nyongeza nzuri ila si kamera.

Ukitafuta maelekezo mtandaoni utakutana na mengi yanayokutuma kwenye DDMS, zana ya zamani ya watengeneza programu. Yapite. Ni ya enzi za kabla ya Android 4.0, iliyotoka 2011, wakati simu nyingi hazikuwa na njia yake yenyewe ya kupiga skrinshoti na ilibidi uwe na zana za watengeneza programu. DDMS imeshaondolewa, na utapoteza MB kuitafuta.

Upande wa simu. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, tafuta nambari ya muundo, iguse mara 7. Kwenye Samsung imejificha ndani ya taarifa za programu. Kwenye Xiaomi unagusa toleo la MIUI au la HyperOS badala yake. Simu itakuambia kwamba sasa wewe ni msanidi programu. Chaguo za wasanidi zitajitokeza, mara nyingi chini ya Mfumo, na humo unawasha utatuzi wa USB. Ukiwa humo humo, weka zile skeli tatu za uhuishaji ziwe zimezimwa, la sivyo utanasa menyu ikiwa nusu imefunguka nusu haijafunguka.

Upande wa kompyuta, kwenye Windows pakua zipu, ifungulie mahali pepesi kama C:\platform-tools, ingia kwenye folda hiyo, andika cmd kwenye upau wa anwani juu, bonyeza Enter. Hakuna cha kusakinisha. Kwenye Ubuntu au Debian:

sudo apt install adb android-sdk-platform-tools-common

Kifurushi cha pili ndicho watu husahau. Kinaleta kanuni za udev, zinazoruhusu Linux kuifikia simu, na bila hizo adb inaiona simu lakini inasema "no permissions". Hakikisha pia jina lako limo kwenye kundi la plugdev, kisha toka na uingie tena.

Sasa chomeka simu, andika adb devices. Hapa ndipo wengi hukwama, na programu huwa haina kosa.

Orodha ikitoka tupu, mtuhumiwa wa kwanza ni kebo. Kebo nyingi zinazouzwa barabarani Kampala ni za chaji tu: ndani zina nyaya mbili za umeme na hazina zile mbili za data. Simu inachaji, kompyuta haijui kama kuna kitu. Kipimo ni rahisi: simu ikichomekwa bila kukuletea arifa yoyote ya kuhamisha faili, kebo hiyo ni ya kuchajia, iweke kando. Kebo iliyokuja na simu kwenye boksi kwa kawaida inafaa. Kebo ikiwa nzima na bado Windows haioni kitu, fungua Device Manager. Ukikuta simu ina alama ya mshangao wa njano, weka draiva ya USB ya Google na uchague "Android ADB Interface". Kwenye Windows 10 na 11 simu nyingi hazihitaji hatua hiyo.

Ukiona "unauthorized", tazama kioo cha simu. Kuna kisanduku kinachouliza kama unaruhusu utatuzi kutoka kwenye kompyuta hii, na hakitokei simu ikiwa imefungwa. Fungua simu, weka alama ya kuruhusu kila wakati kama kompyuta ni yako, kubali. Kisanduku kikigoma kutokea, futa ruhusa zote za utatuzi kwenye chaguo za wasanidi, chomoa, chomeka upya. Neno "offline" mara nyingi huondoka kwa adb kill-server, kisha adb devices tena. Ukiona "device" mbele ya namba, umefika.

Amri yenyewe ni hii:

adb exec-out screencap -p > picha01.png

Wapo wanaoandika adb shell mahali pa exec-out. Kwenye simu za zamani njia hiyo ilikuwa inapachika herufi za ziada kila mwisho wa mstari, na PNG inakataa kufunguka. Exec-out inapitisha data kama ilivyo. Kuna mtego mwingine unaofanana nao: PowerShell inayokuja na Windows huigeuza picha kuwa maandishi unapotumia alama ya >, na unapata faili iliyovimba ambayo hakuna programu inayoifungua. Tumia cmd. Kama huna budi kubaki kwenye PowerShell, hifadhi kwanza kwenye simu, kisha vuta:

adb shell screencap -p /sdcard/p.png
adb pull /sdcard/p.png picha01.png

Kinachonifanya nisiiache njia hii ni hiki hapa. Andika mistari ifuatayo kwenye Notepad, uhifadhi kwa jina piga.bat ndani ya folda ile ile:

@echo off
:anza
set /p jina=Jina la picha:
adb exec-out screencap -p > "%jina%.png"
goto anza

Ukiifungua inakuuliza jina. Unaandika 03-chagua-kiasi, unabonyeza Enter, picha imeingia kwenye kompyuta ikiwa na jina lake, na swali linarudi. Kwa menyu za USSD, zile za *165# na *185#, andika jina kabla hujapiga namba, menyu ikitokea unabonyeza Enter tu. Mtandao hauna nafasi ya kukufungia. Simu za bei nafuu huchukua kama sekunde moja au mbili kuibana picha iwe PNG, kwa hiyo usiguse kioo mpaka swali lirudi.

Tahadhari ya PIN: kwenye simu nyingi kisanduku cha USSD hakifichi tarakimu unazoandika. Piga picha ya ukurasa wa PIN kabla hujaandika chochote. Namba za simu na salio zifunike kwa mstatili wa rangi kamili. Ukungu usiuamini, maana tarakimu zilizofifishwa kidogo bado zinaweza kukisiwa.

Programu za benki ni habari nyingine. Nyingi zimewekewa kizuizi kinachoifanya picha itoke nyeusi tii au amri irudishe faili tupu, na adb haikivuki. Scrcpy nayo haivuki. Anayekuuzia ujanja wa kukivuka anataka uifungue simu yako kwa namna itakayoiacha wazi, na hilo silipendekezi kwenye simu yenye pesa. Omba picha kwa wenye programu, au piga kioo kwa kamera ya simu nyingine ukiwa umepunguza mwanga.

Sehemu ya juu ya kioo ndiyo hutofautisha kitini safi na kitini cha haraka haraka: betri asilimia 9, arifa tano, saa inayoruka kutoka picha hadi picha. Android ina hali ya maonyesho inayonyoosha hayo:

adb shell settings put global sysui_demo_allowed 1
adb shell am broadcast -a com.android.systemui.demo -e command enter
adb shell am broadcast -a com.android.systemui.demo -e command clock -e hhmm 1000
adb shell am broadcast -a com.android.systemui.demo -e command battery -e level 100 -e plugged false
adb shell am broadcast -a com.android.systemui.demo -e command notifications -e visible false

Ukimaliza, rudia ule mstari wa pili ukiweka exit badala ya enter. Kwenye simu zenye Android isiyochezewa sana inakubali yote. Kwenye zile ambazo watengenezaji wamezibadilisha sura, baadhi ya amri hupita bila kitu kuonekana. Hapo washa hali ya usinisumbue na uchaji betri kwanza.

Scrcpy inaonyesha kioo cha simu kwenye kompyuta na kukuruhusu kuiendesha kwa kipanya na kibodi. Ni ya bure, inataka Android 5.0 kwenda juu, na zipu yake ya Windows inakuja na adb yake ndani. Faida yake kubwa kwangu ni kuandika: majina marefu ya fomu unayachapa kwa kibodi halisi. Lakini haina kitufe cha skrinshoti, na ukipiga picha ya dirisha lake unapata ukubwa wa dirisha, si wa kioo cha simu. Iache iwe wazi upande mmoja, piga.bat upande wa pili. Kompyuta ikiwa nzito, iendeshe hivi:

scrcpy -m 1024 --no-audio

Mambo mawili ya kuangalia. Ukiwa na adb mbili za matoleo tofauti, ile ya scrcpy na ile uliyopakua, zitakuwa zinauana: ujumbe unasema toleo la seva halilingani na la mteja, na muunganisho unakatika kila mara. Futa moja, zote zitumie folda moja. Na kwenye Redmi au Xiaomi nyingine utaona kioo lakini kipanya hakifanyi kitu mpaka uwashe swichi ya pili, utatuzi wa USB wenye mipangilio ya usalama, ambayo huomba uingie kwa akaunti ya Mi.

Bila waya inawezekana. Kuanzia Android 11 kuna utatuzi usiotumia waya: simu inakupa anwani, namba ya mlango (port) na msimbo wa tarakimu 6 kwa ajili ya adb pair, amri ya kuoanisha simu na kompyuta. Mlango wa adb connect ni mwingine, uko kwenye ukurasa wa kwanza, na watu wengi hurudia ule wa pair wakashangaa. Tatizo la hapa kwetu ni kwamba mara nyingi simu yenyewe ndiyo hotspot ya laptopu, na swichi hiyo inataka simu iwe imeingia kwenye Wi-Fi. Washa hotspot kwenye simu ya pili, uingize zote mbili humo. Picha zinapita baina ya vifaa hivyo tu, MB zako haziguswi. Wi-Fi za hosteli na mikahawa mara nyingi zimetenganisha wateja wasionane, kwa hiyo usipoteze muda nazo. Hata hivyo mimi nachagua kebo, isipokuwa umeme ukienda: simu iliyochomekwa inainyonya betri ya laptopu wakati huo huo.

Kama picha zinakwenda Play Store, kuna kizingiti cha umbo. Google inataka picha kati ya 2 na 8 kwa simu, upande usiopungua pikseli 320 wala kuzidi 3840, na urefu usiozidi mara mbili ya upana. Tecno, Infinix na itel nyingi zina kioo cha 720 kwa 1600 au zaidi kidogo, yaani zimepita kipimo. Kwenye simu kama hiyo jaribu adb shell wm size 720x1440, piga picha, kisha adb shell wm size reset. Angalia vipimo vya faili kabla ya kuendelea. Zikitoka na mikanda myeusi, zikate. Screencap pia huweka tabaka la uwazi ambalo duka halilitaki. ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri, inaliondoa:

magick picha01.png -alpha off PNG24:picha01b.png

Kama zinakwenda kwa wachapaji wa Nasser Road, Kampala, hesabu ni nyingine. Picha yenye upana wa pikseli 720 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) inatoka upana wa sentimita 6 hivi. Ukiivuta ijaze ukurasa wa A4 herufi zitachanika, kwa hiyo panga mbili au tatu ubavuni mwa maelezo. Usizigeuze kuwa JPEG, kingo za herufi huota vumbi. Na kama mchapaji anapokea kwa WhatsApp tu, ziambatishe kama dokumenti, si kama picha.