Ununue bafa gani ya kuseti kipima pH hapa Dar?

Kipima pH cha kalamu, cha kupima kiwango cha asidi au alikali, utakipata Kariakoo bila shida. Shida ni maji ya kukisetia, yaani bafa, ambayo pH yake inajulikana. Kipima kisichosetiwa ni sawa na mizani isiyokaguliwa: namba kitakupa, tena kwa kujiamini.

Kabla hujalipa, soma mwongozo wa kipima chako ujue kinatambua namba zipi. Vipo vinavyotaka 4.01, 7.00 na 10.01, vingine, hasa vile vya bei nafuu vinavyokuja na vipakiti vya poda, vinataka 4.00, 6.86 na 9.18. Muuzaji atakwambia zote ni zile zile. Si kweli. Ukichovya kwenye bafa ya 6.86 kipima kinachodhani ni 7.00, kuanzia hapo kitasoma juu kwa 0.14. Mwenye bwawa la kuogelea Masaki, ambaye maji yake yanatakiwa yawe kati ya 7.2 na 7.8, anaweza kuwa na 7.7 safi kabisa, akasoma 7.84, akamwaga asidi bure.

Kwa mtu anayepima mara moja kwa wiki, naweka namba moja vipakiti vya bafa ya maji vya mililita 20. Unachana, unatumia, unatupa. Ukipiga hesabu kwa mililita ni ghali, lakini kila mara unapata bafa mpya. Chupa iliyofunguliwa kwa joto letu haidumu: bafa ya 4 huweza kuota ukungu, na ya 10 hunyonya kaboni dioksidi ya hewani ikashuka taratibu bila kubadilika sura. Ndiyo maana ya 10 nashauri kipakiti hata kwa wenye matumizi makubwa.

Namba mbili ni chupa ya mililita 500, kwa wanaopima kila siku: mabwawa ya samaki Kigamboni, watengeneza mtindi, viwanda vidogo. Tafuta yenye namba ya toleo, tarehe ya mwisho na kiwango cha usahihi, mfano ±0.02. Andika kwenye chupa siku uliyoifungua. Mimina kidogo kwenye kikombe, na kilichotumika kisirudi ndani. Lebo nzuri pia huwa na jedwali la joto, na usilidharau: 7.00 na 10.01 ni namba za nyuzi 25, wakati chumba kisicho na kiyoyozi hapa hufika 30 kirahisi. Kwa nyuzi 30 ile ya 10.01 huwa karibu 9.97.

Poda naipa namba tatu. Ni ya bei nafuu kuliko zote na haiharibiki upesi ikiwa imefungwa, ila ubora wake unategemea maji utakayotia, na hapo ndipo watu wanachukua ya bomba au ya kisima. Nunua maji yaliyokenekwa (distilled). Vituo vya mafuta huuza kama maji ya betri, lakini soma lebo vizuri usije ukabeba asidi ya betri. Pima ujazo kamili ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi mililita 250.

Chupa zilizojazwa upya zisizo na lebo achana nazo, hata kwa bei ya kutupa. Na limao na magadi wanayokwambia mitandaoni havina namba ya kuaminika.

Si lazima ununue bafa za namba zote tatu. Ya 7 (au 6.86, kama ndiyo kipima chako kinataka) ni ya kila mtu, na ndiyo unayoanza nayo. Mtindi, juisi au mboga zinazooteshwa kwenye maji: ongeza ya 4. Sabuni au bwawa: ongeza ya 10 (au 9.18).

Bajeti ikiruhusu, ongeza kichupa cha maji ya kuhifadhia elektrodi (ncha ya kipima unayochovya), yale ya kloridi ya potasiamu. Yakiisha, itunze kwenye bafa ya 4 siku chache, kamwe si kwenye maji yaliyokenekwa.